Ndimu kwenye maziwa: uzoefu wangu na kitabu cha "tafsiri mpya" ya jiko la pwani

Kwanza kabisa: msinunue. Najijua, huko mbele nitaanza kujipinga mwenyewe, ndiyo maana nimeliweka neno hilo juu wakati mori bado umenipanda.

Jina la kitabu silitaji, wala la mwandishi, kwa sababu sitaki kumpigia debe na sitaki kesi. Ni kimoja katika vitabu vinavyotoka siku hizi vikijinadi kuyasoma upya mambo ya kale: historia, sheria, utamaduni na mapishi ya pwani yetu, vyote ndani ya jalada moja. Unene wake na bei yake mtaviona wenyewe dukani. Mimi nasema yaliyonikuta.

Nilikinunua mwaka jana, nadhani vuli ilikuwa haijaanza. Kazi yangu ni mapishi ya shughuli: harusi, maulidi, arobaini, semina za maofisini. Nimezaliwa Tanga, mama yangu alikuwa mpishi na bibi yangu vilevile, kwa hiyo nikiona kitabu kinachotaja jiko, mkono unakwenda wenyewe mfukoni. Nikatoa hela ambayo ingeninunulia mchele wa Kyela wa shughuli ndogo, nikarudi nacho nyumbani nimekikumbatia.

Na nikakipenda! Hilo ndilo linaloniuma. Kingekuwa kibaya mwanzo mpaka mwisho ningekifungia maandazi na yangeishia hapo.

Sura ya mchele niliisoma usiku mpaka macho yakauma. Anaeleza jinsi watafiti kule Pemba walivyochukua udongo wa kwenye magofu wakauzamisha majini ili punje zilizoungua zielee juu, kisha wakazitambua moja moja. Punje iliyoungua haiozi. Yaani kuna mama aliyeunguza chakula chake zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, pengine akasemwa siku nzima, na kwa sababu hiyo leo tunajua alikuwa anapika nini. Pale Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, kilichojaa ni uwele. Chwaka ya huko huko Pemba, iliyokuja baadaye, mchele ndio unaotamba. Na vyombo navyo vinabadilika: mabakuli mapana, ya kukaliwa na watu wengi, yanaongezeka. Mwandishi anayaunganisha yote hayo. Anasema mchele haukupanda chati kwa sababu ya njaa, maana uwele ulikuwa unawashibisha watu vizuri tu. Ulipanda pamoja na karamu, pamoja na dini, pamoja na heshima ya kumkirimu mgeni.

Mimi napakua wali kwenye masinia ya watu wanne karibu kila Jumamosi. Nimeona wenye harusi wakikopa huku na huku, wako radhi kukosa muziki lakini si wali. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba jambo hilo lina mizizi mirefu kiasi hicho. Nikamwita binti yangu nikamsomea. Nikasema huyu mwandishi Mungu amjalie.

Sasa njoo sura ya karamu.

Anaanza na Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko aliyepita pwani hii mwaka 1331. Anamnukuu kwa kirefu, na nukuu yenyewe ni tamu. Alipofika Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa kwenye chombo kikubwa cha mbao, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa mabichi. Na katika chombo kingine, chombo kingine jamani, kulikuwa na maziwa mgando, yakiwekewa ndimu za achari, vishada vya pilipili vilivyolowekwa kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Kisha anasema mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba ni wanene kupita kiasi. Nilicheka peke yangu.

Fungua kurasa chache mbele. Kuna picha kubwa ya rangi na pishi limeandikwa kwa herufi za kujipamba: karamu ya Kilwa. Chukua ndizi mbichi, chukua maziwa, kamulia ndimu, chemsha.

Kamulia ndimu! Kwenye maziwa! Yako motoni!

Mtoto yeyote aliyewahi kutumwa kuangalia maziwa jikoni anajua kitakachotokea. Ila mimi nilimpa mwandishi heshima yake, nikasema msomi huyu, huenda kuna siri ya kale. Nikapika kama alivyoelekeza. Maziwa yakakatika hapo hapo. Yakajitenga, maji ya kijani kando, mabonge kando, ndizi katikati zimekaa kama zimetapikwa. Nikarudia kwa moto mdogo, nikarudia kwa maziwa ya ng'ombe wa jirani badala ya ya pakiti. Yale yale. Baba watoto alichungulia sufuria akaenda zake kununua chipsi.

Ndipo nikarudi kwenye nukuu, kidole juu ya mstari. Ndizi na maziwa mabichi, chombo chao. Maziwa mgando na ndimu ya achari, chombo chao. Mwandishi alivichukua vyombo viwili akavimimina kwenye sufuria moja, halafu akaita hilo tafsiri mpya. Hakuhitaji kwenda maktaba ya Ulaya kujua. Alihitaji kuwasha jiko siku moja tu, basi.

Nikishaanza kutilia shaka mtu, sisimami. Nikatazama picha vizuri. Kando ya sinia kuna kachumbari ya nyanya. Kuna pilipili mbuzi nyekundu, zimepangwa kwa urembo. Kuna muhogo wa nazi. Karamu ya mwaka 1331! Nyanya, muhogo na pilipili hizi zetu za kuwasha zote zimetoka Amerika, pamoja na mahindi, karanga, mapapai na mananasi. Columbus alivuka bahari mwaka 1492, Vasco da Gama akapita pwani yetu mwaka 1498, na ni baada ya Wareno kuanza kwenda na kurudi ndipo vitu hivyo vikatufikia. Huyo sultani wa kwenye picha angesubiri zaidi ya miaka mia na hamsini aone nyanya. Na si kwamba mwandishi hajui: sura ya Wareno, kwenye kitabu hicho hicho, anaeleza safari ya muhogo vizuri sana. Sijui sura zake huwa hazisalimiani.

Ile pilipili aliyoila Ibn Battuta ilikuwa kwenye vishada. Mimi pilipili manga naifuata Muheza kwa wakulima wenyewe, naiona ikining'inia mtini. Inakaa vishada. Pilipili mbuzi haikai vishada. Ukiniuliza mimi, wale watu waliloweka pilipili manga mbichi kwenye siki, na ni kitu kitamu mno, kijaribuni na samaki wa kuchoma. Karafuu alizozitia mwandishi kwenye pishi lake simlaumu. Mashamba ya Unguja na Pemba ni ya karne ya 19, ila karafuu kavu ingeweza kufika mapema na vyombo vya biashara kutoka mashariki. Naona hapo nimemtendea haki.

Halafu hiyo Kilwa imetoka wapi? Chakula ni cha Mogadishu. Kilwa, Ibn Battuta alisimulia mambo mengine: sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, watu wakimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, na jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomsimamisha akamwomba nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Anasema sultani huyo alikuwa akikaa na mafakiri na kula nao. Walikula nini, hakutaja. Mombasa kachungulia kidogo, kakuta ndizi na samaki, nafaka wakiletewa kutoka ng'ambo. Basi. Wali na maziwa ni vya Mogadishu.

Hayo yote ningeyameza. Kitabu gani hakina makosa? Kilichonifanya niandike ni siku ya mjadala.

Muda ulipita kidogo, nikapata kazi ya vitafunio kwenye ukumbi mmoja hapa Dar. Sambusa, katlesi, visheti, chai ya tangawizi. Kumbe shughuli yenyewe ni mjadala wa kitabu hicho hicho na mwandishi yupo. Moyo ukanidunda kwa furaha, naapa. Nikapanga vyombo vyangu mapema, nikavua aproni, nikakaa kiti cha nyuma na kitabu changu mapajani, kimejaa vikaratasi.

Wakati wa maswali nikanyoosha mkono. Mwongoza mjadala akaniona, akatabasamu kwenye kipaza sauti: "Chai iko tayari, mama?"

Ukumbi ukacheka. Nikasema chai iko tayari zamani, mimi nina swali. Wakacheka tena, sijui kipi kilichekesha. Nikasimama. Nikasema, "Mwalimu, shikamoo, hongera kwa kazi. Ukurasa huu unasema vyombo viwili, na ukurasa huu umevifanya kimoja, na mimi nimepika maziwa yakakatika. Je, palipita kosa?" Nilimwamkia ingawa ni rika langu, kwa heshima ya kazi.

Akajibu bila kukifungua kitabu. "Mama yangu, hilo ni suala la mapishi, tutaongea nje. Hapa tunajadili historia."

Nikasema basi niulize la historia: kwa nini Kilwa na maneno ni ya Mogadishu? Akaangalia saa. "Pwani ni moja, mama. Tafsiri mpya inahitaji ujasiri." Kipaza sauti kikachukuliwa kupelekwa kwa kijana mmoja wa mbele mwenye tai, akauliza kitu kirefu kilichokuwa na neno "simulizi" mara nyingi, na mwandishi akamjibu kwa raha robo saa nzima.

Pwani ni moja! Mwambie mtu wa Lamu kwamba yeye na wa Mtwara ni wamoja kwenye sufuria uone.

Kipindi cha chai akaja mezani kwangu. Amechukua sambusa, akachukua nyingine, akaongeza ya tatu na kitambaa. Akasema kwa upole kabisa, kama hakuna lililopita, "Mama, hizi sambusa si za kawaida, umetia nini ndani?"

Nikamwambia, "Mwalimu, hilo ni suala la historia."

Sijui kama alielewa. Aliondoka anatafuna. Hela yangu walilipa yote na kwa wakati, hilo niliseme, sitaki kudhulumu mtu.

Nilirudi nyumbani nikakitupa kitabu juu ya kabati, na kingebaki huko kikila vumbi kama siyo umeme kukatika siku moja nikakosa la kufanya. Nikakishusha nikasoma sehemu iliyokuwa imebaki, ya sheria. Na hapa ndipo ninapoharibikiwa, kwa sababu sehemu hiyo ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kusoma kuhusu jiko.

Anaanza na fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, mume ndiye anayewajibika kumlisha mke. Imam Nawawi, mwanazuoni wa karne ya 13, anataja hadi vipimo: mwenye uwezo mudi mbili za nafaka kwa siku, wa kati mudi moja na nusu, asiye na uwezo mudi moja. Mudi ni kama kibaba chetu. Na si nafaka tu aitupe mlangoni akaondoka. Gharama ya kuisaga na kuioka ni juu yake pia. Kupika hakukuwekwa kuwa wajibu wa mke. Mwanamke aliyezoea kuhudumiwa kwao, mume anapaswa kumwekea mtumishi.

Nikamsomea baba watoto kwa sauti. Akaniuliza kama duka lile hupokea vitabu vilivyotumika.

Lakini mwandishi haishii kwenye kuchekesha wenye ndoa. Anauliza: kama sheria ilimwondolea bibi wa nyumba kazi ya jiko, nani aliyetwanga mpunga? Nani alikuna nazi, akapepeta, akakaa moshini tangu alfajiri? Jibu ni mjakazi. Ukarimu wa zile nyumba kubwa za mawe, biriani na halua na kahawa kwa kila mgeni, ulisimama juu ya mikono ya wanawake walionunuliwa. Halafu anakwenda kwenye amri ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyotolewa na Sultan Hamoud bin Mohammed chini ya shinikizo la Waingereza. Shuleni tulifundishwa kwa sentensi moja, utumwa ukakomeshwa Zanzibar, geuza ukurasa. Yeye anaonyesha ilivyokuwa: aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuudai, na fidia alipewa bwana, siyo aliyetumikishwa. Masuria, yaani wajakazi waliowekwa kinyumba na mabwana zao, hawakuguswa na amri ile. Hao walisubiri mpaka 1909. Upande wa pwani ya Kenya sheria ilikuja 1907, Tanganyika 1922. Fikiria mpishi wa jikoni ambaye hajui kusoma, mahakama iko mbali, na akitoka hana pa kulala. Anakwenda kudai kwa nani? Asubuhi ya pili yake, anauliza mwandishi, nani aliwasha moto?

Niliacha kusoma hapo nikatazama jiko langu muda.

Halafu anamalizia sehemu hiyo kwa kusema kwamba vyakula tunavyoviita vya kifalme vilibuniwa na kurekebishwa na wanawake ambao hakuna aliyeandika majina yao, na kwamba historia ya pwani itabaki nusu mpaka mpishi asikilizwe.

Mpishi asikilizwe!

Ameandika yeye. Mtu yule yule. Mpishi aliyekufa zama za masultani anamlilia kurasa nzima, mpishi aliye hai amesimama mbele yake na kitabu mkononi anamwambia tutaongea nje. Mimi niliposoma mstari huo nilisimama nikatembea chumbani. Ningekuwa na namba yake ya simu usiku ule ningempigia, na sidhani kama ningemwamkia.

Sasa mnaniuliza ninunue nisinunue. Asubuhi nasema msinunue, jioni nasema nunueni. Ile sehemu ya sheria inatosha kuwa kitabu peke yake, na kingekuwa chembamba na cha bei nafuu, wakakisome wanafunzi, wakakisome makadhi, wakakisome wanaume wanaogombana na wake zao kwa sababu ya chumvi. Sura ya mchele nayo msiikose. Kuna kipande pia juu ya ile tufani ya 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa na ndiyo ikashika usukani wa karafuu. Kifupi lakini kizuri. Ila mapishi? Mapishi msiyaguse. Inaonekana wazi hakuna hata moja lililopikwa kabla ya kuchapwa. Kuna pishi la mkate wa kumimina lisilotaja hamira wala kuuacha uumuke, na la pweza wa nazi linalomtaka pweza apikwe muda wa kuchemsha yai. Mwenye meno mazuri ajaribu.

Mwenzangu mmoja tunayeshirikiana naye kwenye kazi anasema nina kinyongo tu, kwamba kama mwandishi angenijibu vizuri ukumbini nisingeona nyanya kwenye picha. Si kweli. Nyanya niliziona kabla. Lakini ni kweli kwamba angenijibu vizuri ningenyamaza, ningemtumia masahihisho kwa karatasi, na pengine ningemwalika aje tupike zile ndizi pamoja. Ndizi mbichi na maziwa mabichi bila ndimu, moto wa taratibu, chumvi kidogo, samli mwishoni, ni chakula kizuri. Nimekipika mara nyingi tangu wakati ule. Wajukuu wa jirani wanakifuata.

Nakala yangu iko kwa mtoto wa dada yangu anayesomea sheria. Alisema ataisoma wiki moja, sasa ni muda mrefu na kila nikimuuliza anasema bado anaandika kazi yake ya chuo. Nasikia wanataka kukichapa tena. Kama kuna mtu wa nyumba ya uchapishaji anapita hapa: toeni ndimu, andikeni Mogadishu, pigeni picha upya bila nyanya na muhogo, na mtafuteni mwanamke mmoja wa Tanga au Pemba au Lamu apike kila kitu kilichomo kabla mtambo haujawashwa. Mlipeni. Na jina lake liwekwe mbele, siyo kwenye zile shukrani za ukurasa wa mwisho. Mkifanya hivyo nitanunua ya pili, na juu ya bei bado nitalalamika.